Kaunti Kame Iliyofukiwa na Tope: Kisa cha Pokot Magharibi

Katika vitabu vya serikali ya Kenya, Pokot Magharibi ni kaunti kame. Imo kwenye orodha ya kaunti 23 za nyanda kame na nusu kame zinazofuatiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, na kila mwezi hutolewa taarifa yake: malisho yamefikia wapi, mbuzi anauzwa kwa bei gani, mama anatembea kilomita ngapi kufikia maji, mikono ya watoto wa chini ya miaka mitano imekonda kiasi gani. Ni kazi nzuri ile. Mtu akitaka kujua hali ya Alale au Kacheliba, hapana pa kuanzia pazuri zaidi ya hapo.

Usiku wa Ijumaa tarehe 22 Novemba 2019, kuamkia Jumamosi, kaunti hiyohiyo kame ilifukiwa na tope. Mvua kubwa ilinyesha milimani, na kabla ya kupambazuka ardhi ilikuwa imeporomoka sehemu kadhaa: Nyarkulian, Parua, Tapach, Tamkal, Muino. Nyumba zilifunikwa wenyewe wakiwa wamelala. Madaraja yalisombwa, barabara kuu ya kutoka Kitale kwenda Lodwar ikakatika, na helikopta zilizotumwa kusaidia zikazuiwa na hali mbaya ya hewa. Hesabu ya waliokufa ilipanda siku baada ya siku hadi ikapita 40.

Kisa hiki hunirudia kila nikisoma ripoti ya tathmini ya hatari, kwa sababu kinaonyesha jinsi tathmini inavyoweza kuwa sahihi katika kila tarakimu na bado ikamwacha mtu amelala mahali pasipolalika. Neno "kame" halikuwa uongo. Lilikuwa kweli kwa nusu ya kaunti, likasomwa kama kweli ya kaunti nzima.

Tuanze na tarakimu zenyewe. Sensa ya Agosti 2019, miezi mitatu tu kabla ya mkasa, ilihesabu watu 621,241 katika kaunti yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 9,169. Ukigawanya unapata karibu watu 68 kwa kila kilomita ya mraba. Nyanda za chini hupata mvua ya takriban milimita 400 kwa mwaka, na milima hufikia milimita 1,500. Ukitafuta katikati ya hizo mbili unapata 950. Sasa nenda ukapatafute mahali penye watu 68 na mvua ya milimita 950. Ukipapata, pengine ni njiani tu, mahali unapopita ukitoka joto la bondeni kuelekea baridi ya Lelan. Kule juu watu wanalima viazi, wanafuga kondoo, wanavaa koti zito asubuhi. Kule chini watu wanahama na mifugo kufuata majani. Hizi ni nchi mbili zilizofungwa pamoja na mpaka mmoja wa kiutawala, na wastani wake hauielezi hata moja.

Kuna pia tatizo la lugha. Kiswahili chetu kinatumia neno "hatari" kwa simba, na kinalitumia pia kwa uwezekano wa kuliwa na simba. Kwenye mazungumzo ya kila siku haidhuru. Kwenye tathmini inaharibu kazi, maana watu wawili watabishana saa nzima kuhusu "hatari" ya mlima fulani bila kujua kwamba mmoja anauzungumzia mlima na mwingine anawazungumzia wanaoishi chini yake. Nitatenganisha hivi: simba ni tishio. Waliomo njiani mwake ni waliomo njiani, watu na mifugo na daraja na zahanati. Halafu kuna udhaifu: kwa nini tope lilelile likifika kwenye nyumba mbili, moja inapoteza ukuta na nyingine inapoteza familia. Hatari ni zao la vitu hivyo vitatu kwa pamoja, na kimoja kikiwa sifuri, zao lote ni sifuri. Mlima ukiporomoka mahali pasipo na mtu wala mali ni habari ya wanajiolojia peke yao.

Sasa tazama tathmini hufanywaje kwenye warsha. Nimeketi kwenye za kutosha kuujua mwendo wake. Ukutani panabandikwa karatasi kubwa. Washiriki wanataja majanga: ukame, mafuriko, maporomoko, radi, nzige, magonjwa ya mifugo. Kila janga linapewa alama moja hadi tano kwa uwezekano, na moja hadi tano kwa ukubwa wa madhara, kisha alama zinazidishwa. Ukame unapata tano kwa uwezekano, maana uko karibu kila mwaka, na nne kwa madhara. Ishirini. Maporomoko yanapata moja kwa uwezekano, kwa kuwa "hutokea mara chache", na tatu kwa madhara, kwa kuwa "ni eneo dogo". Tatu. Chai inakuja, orodha inapangwa kuanzia alama kubwa, na bajeti inafuata orodha.

Hakuna aliyedanganya. Ila swali liliulizwa kwa kaunti nzima, na kaunti nzima haijawahi kuporomokewa na mlima, wala haitaporomokewa. Chukua mgongo mmoja wa mlima, kwa mfano tu, wenye nyumba 40 zilizopangana kutoka juu hadi kijitoni. Uliza swali lilelile hapo. Ukame: watu wa mgongo huu wana kijito kisichokauka na mvua ya milimita 1,500; wape mbili kwa uwezekano na mbili kwa madhara, nne. Maporomoko: mteremko mkali, udongo mzito, nyumba njiani mwa maji, wape tatu na tano, kumi na tano. Orodha imepinduka. Ni karatasi ileile, kalamu ileile, kilichobadilika ni mahali uliposimama ukiuliza.

Kosa lingine kwenye alama hizo halionekani kwa haraka, na kwangu mimi ndilo kubwa zaidi. Tuseme mteremko mmoja una uwezekano wa moja kwa hamsini wa kuporomoka katika mwaka. Inasikika ndogo. Lakini mtoto aliyezaliwa chini yake, akiishi hapo hadi miaka 30, amebeba uwezekano wa takriban asilimia 45 wa kulishuhudia poromoko hilo. Na kama kaunti ina miteremko 100 ya namna hiyo, hesabu ya wastani inasema tutarajie mawili kila mwaka. Ofisi ya kaunti ikiona maporomoko mawili kwa mwaka inajipanga kwa mawili: tingatinga moja, timu moja ya uokoaji, gari moja la wagonjwa.

Mlima haufanyi kazi hivyo. Miteremko yote 100 inanyeshewa na mvua ileile. Msimu ukiwa wa kawaida haiporomoki hata mmoja, mwaka huu, mwaka ujao, miaka minne mfululizo, watu wanasahau. Halafu mwaka wa tano, usiku mmoja, inaporomoka kumi. Wastani ni uleule mawili kwa mwaka, lakini hakuna mwaka hata mmoja utakaoona mawili. Hivyo ndivyo Novemba 2019 ilivyokuwa: Nyarkulian na Parua na Tapach na Muino usiku mmoja, na barabara ya kuwafikia ikakatika usiku huohuo na mvua hiyohiyo. Tathmini iliyoyahesabu maporomoko kama ajali zinazokuja moja moja, na ikaihesabu barabara kama kitu kitakachokuwepo, imekosea sehemu mbili kwa kosa moja.

Mvua yenyewe haikutoka hewani bila taarifa. Mwaka 2019 maji ya upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, huku kwetu, yalikuwa na joto kuliko ya upande wa Indonesia kwa tofauti kubwa. Ni miongoni mwa tofauti kubwa zaidi kuwahi kupimwa. Hali hiyo ikitokea, vuli ya Afrika Mashariki huwa nzito, na Oktoba hadi Desemba 2019 ilikuwa nzito kutoka Pwani hadi Turkana. Kwa hiyo tishio lilionekana kutoka mbali. Kilichokosekana kilikuwa daraja kati ya sentensi "vuli itakuwa kubwa" na sentensi "ninyi mlio chini ya mteremko huu, leo msilale hapa".

Daraja hilo linajengwa na vitu vidogo sana. Utabiri huandikwa kwa milimita zinazotarajiwa ndani ya saa 24. Lakini milimita 40 zikidondoka Oktoba mosi juu ya udongo mkavu zinanywewa, na milimita 40 hizohizo zikidondoka wiki ya tatu ya Novemba, juu ya udongo ambao umekuwa ukilowa tangu Oktoba, zinakuta matundu yote ya udongo yamejaa. Maji yanapojaza udongo wa mteremko huongeza uzito wake na wakati uleule hupunguza mshikano wake. Ndiyo maana mvua inayoleta poromoko inaweza kuwa ya wastani tu. Iliyofanya kazi ni mvua ya wiki sita zilizotangulia. Hesabu ya wiki sita hizo kwa mgongo fulani haiwezi kutoka Nairobi. Mtu wa mlimani anaweza kuiweka mwenyewe kwa chupa ya plastiki iliyokatwa shingo, yenye kuta zilizonyooka, iliyofukiwa nusu mahali pa wazi, na rula. Anaisoma kila asubuhi, anaandika kwenye daftari, anamwaga. Mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuwapa darasa la sita kazi hiyo na ikaenda miaka kumi bila shilingi ya mradi.

Kuhusu wingi wa maji, kuna hesabu ambayo ningependa kila diwani aifanye angalau mara moja. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kijito kinachokusanya maji kutoka kilomita 10 za mraba za mlima, mvua ya milimita 100 ikinyesha usiku kucha, kimepokea lita bilioni moja. Ni sawa na malori ya maji ya lita 10,000, malori laki moja. Hata nusu ikinywewa na ardhi, malori elfu hamsini yanashuka kupitia korongo ambalo mchana unalivuka kwa kuruka jiwe hadi jiwe.

Nirudi kwenye mteremko. Kanuni za kilimo za Kenya za mwaka 1965 zilikataza kulima ardhi yenye mteremko unaozidi asilimia 35. Watu wengi huitaja kanuni hiyo, na wengi huikosea kwa namna moja: wanasikia asilimia, wanapima digrii. Asilimia 35 maana yake ni kupanda mita 35 kwa kila mita 100 za usawa, na hiyo ni takriban digrii 19. Mteremko wa digrii 30, ambao mtu mwenye kipimo cha simu mkononi angeuona uko ndani ya "35", kwa kweli ni karibu asilimia 58. Nimewahi kuona jedwali zima la mashamba limepakwa rangi ya kijani kwa kosa hili. Aliyelijaza alikuwa kijana makini, aliyepanda na kushuka kila shamba kwa miguu yake.

Ramani za satelaiti nazo zina uongo wao wa kimya. Ramani za miinuko zinazopatikana bure zinagawanya dunia kwa miraba ya mita 30 kwa 30. Ni zawadi kubwa kwa ofisi isiyo na bajeti: ndani ya siku moja unaweza kuipaka kaunti nzima rangi kulingana na ukali wa mteremko, ukaiweka juu yake mvua ya tangu 1981 iliyokadiriwa kwa satelaiti. Ila mtu anayejenga mlimani hukata kilima ili apate uwanja wa nyumba, na nyuma ya nyumba hubaki ukuta wa udongo uliosimama wima, wa mita tatu, nne, nane. Ukuta huo haumo kwenye ramani. Umemezwa na mraba wa mita 30 kama chembe ya mchanga kwenye wali. Na mara nyingi ukuta huo ndio unaoanguka kwanza, juu ya chumba wanacholala watoto, kwa sababu jiko liko mbele na vyumba viko nyuma.

Kwa hiyo kuna sehemu ya kazi hii ambayo haina njia ya mkato: kupanda kwa miguu. Ukipanda, angalia nyuma ya nyumba kabla ya kuangalia nyumba. Juu ya ukuta huo tafuta ufa unaoukata mteremko kwa upana, wenye umbo la mwezi mchanga. Ukiupata, usiandike tu "ufa upo". Pigilia vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, pima kwa futi umbali kati yake, andika tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye vigingi vyenyewe, mwachie mwenye nyumba futi. Akipima wiki ijayo akakuta sentimita mbili zimeongezeka, hahitaji mtaalamu wa kumtafsiria. Angalia miti: shina lililoinama kuelekea bondeni kisha likajinyoosha juu linakuambia ardhi imekuwa ikitembea polepole kwa miaka. Uliza kuhusu chemchemi. Chemchemi iliyohama, au iliyofumka mahali ambapo haikuwepo, inasema maji ya ndani yamebadili njia. Na kijito ambacho ghafla kimepungua au kunyamaza mvua ikiwa bado inanyesha ni cha kukimbiwa saa hiyohiyo, kwa maana kuna kitu kimekiziba huko juu.

Kisha shuka hadi chini kabisa, mahali kijito kinapotoka mlimani na kuingia tambarare. Utakuta mara nyingi uwanja umepanuka kama ungo uliopinduliwa, udongo ni mzuri, mahindi yamestawi, na katikati ya mahindi kuna jiwe kubwa kama ghala. Hakuna aliyelibeba. Liliteremka na tope siku fulani, na tope ndilo lililoacha udongo huo mzuri. Mashamba na masoko hupendwa sana mahali hapo kwa sababu ileile inayopafanya pawe pabaya. Wengi wanaofikiri kuhusu maporomoko hufikiria nyumba iliyo juu ya mteremko. Lakini udongo ukishachanganyika na maji ya kijito hugeuka uji wa tope na mawe unaoteremka kwa kasi, na anayekufa anaweza kuwa mtu ambaye hajawahi kuishi mlimani.

Chesegon ilionyesha hivyo miezi mitano tu baadaye. Usiku wa Jumamosi tarehe 18 Aprili 2020, tope na mawe yalishuka juu ya kituo hicho cha biashara kilichoko mpakani mwa Pokot Magharibi na Elgeyo Marakwet. Watu zaidi ya 20 walikufa na soko likasombwa. Kwa mwandishi wa tathmini, neno la kushika hapo ni "mpakani". Tathmini ya kaunti huishia kwenye mstari wa kaunti, kwa sababu bajeti yake huishia hapo. Kijito hakina habari na mstari huo. Ukifanya tathmini ya upande mmoja tu, una nusu ya mlima au nusu ya soko, na hatari ni zao la vyote viwili. Novemba 2025 zamu ilifika Chesongoch, Marakwet Mashariki, na watu zaidi ya 20 wakafa. Mteremko unaoshuka kuelekea Bonde la Kerio ni mmoja, wenye historia moja, ila unasomwa vipande vipande kwenye kabati za ofisi tofauti.

Baada ya kila mkasa wa namna hii lawama huenda kwa shoka. Walikata miti. Nakubali nusu. Mizizi hushikilia tabaka la juu la udongo, na mteremko uliofyekwa na kulimwa hadi ukingoni hakika huporomoka kwa urahisi zaidi. Lakini poromoko la kina hukatika chini ya mizizi na kuteremka na miti yake ikiwa imesimama. Ukimwambia mtu apande miti nyuma ya nyumba kisha alale salama, umempa dawa ya ugonjwa mwingine. Tena lawama hiyo hurahisisha mambo kupita kiasi. Katika Bonde la Kerio kuna familia zilizopanda kwenye mteremko kukimbia wezi wa mifugo waliokuwa wakiwafuata bondeni. Zilipima risasi na tope, zikachagua tope, ambalo huja mara chache. Tathmini yenye safu ya "majanga ya asili" peke yake itaziona familia hizo kama watu wakaidi waliojenga mahali pabaya, na pendekezo lake litakuwa "wahamishwe bondeni". Ukienda na pendekezo hilo mbele ya wazee jiandae kusikiliza.

Na wazee wenyewe ni sehemu ya takwimu, ingawa warsha huwaweka kwenye ratiba saa nane mchana kwa dakika ishirini. Wapokot wana baraza, kokwo, na wana kipimo chao cha mahali, korok, ambacho kwa watu wa milimani ni mgongo wa mlima pamoja na makazi yaliyomo, mara nyingi kati ya kijito na kijito. Mtu akiniuliza tathmini ifanywe kwa kizio gani, nitajibu korok kabla ya wadi. Wadi ilichorwa kugawa wapiga kura. Korok imefuata umbo la ardhi, na tope nalo hufuata umbo la ardhi. Ila swali la kuwauliza wazee lisiwe "je, maporomoko huwa yanatokea hapa?" Hilo lina jibu la ndiyo au la, na atakayejibu ataangalia kwanza una msaada gani kwenye gari. Uliza baba zao walikataa kujenga wapi, na kwa nini. Uliza njia ya zamani ya ng'ombe ilipita wapi kabla ya kuhamishwa. Uliza mfereji wa kunyweshea mashamba ulishawahi kupasuka wapi, maana mabonde ya huku yana mifereji ya tangu zamani inayoning'inia kwenye kuta za milima, na mfereji unaovuja juu ya mteremko uliolowa ni mvua ya ziada isiyopimwa na chupa yoyote.

Kuna jambo moja ambalo takwimu za taifa zinalo tayari, na sijaona likitumiwa inavyostahili. Sensa ya Kenya humhesabu mtu mahali alipolala usiku wa sensa. Mwaka 2019 ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti. Nyarkulian tope lilikuja usiku, Chesegon usiku. Kwa hiyo tuna, bila gharama yoyote, hesabu ya watu wanaolala, ambayo ndiyo hesabu inayohitajika kwa janga la usiku. Shida ni kwamba inatolewa kwa kata ndogo, na kata ndogo moja ina mgongo, korongo na tambarare ndani yake. Naibu wa chifu na wazee wa vijiji, wakiwa na picha ya satelaiti iliyochapishwa kwenye karatasi kubwa, wanaweza kuzigawa nyumba hizo kwa migongo ndani ya siku mbili. Wanajua nani analala wapi. Wanajua pia nyumba ya bibi asiyeweza kutembea, na bweni la wasichana lililojengwa kandokando ya kijito kwa sababu hapo ndipo maji yalikuwa karibu. Hesabu ya pili ni ya mchana, na ya tatu ni ya siku ya soko. Mtu mmoja anaweza kuwa salama kwenye mbili na akafa kwenye moja.

Kuhusu nani awajibike, Katiba ya 2010 imeliweka jukumu la kukabiliana na majanga kwa serikali zote mbili, ya taifa na ya kaunti. Kwa nia njema, bila shaka. Kwa vitendo, jukumu la wawili huwa na mlango wa nyuma kwa kila mmoja. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura, na inaweka kikomo cha asilimia 2 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Fedha hizo ni za jambo la dharura lisilotarajiwa. Vigingi viwili na futi havimo, wala siku mbili za naibu wa chifu hazimo; hivyo vinapaswa kukaa kwenye mpango wa maendeleo wa miaka mitano, ambako vinashindana na barabara na zahanati, na havipigiwi picha vikizinduliwa.

Kama ningepewa korok moja na karatasi moja, ningeijaza hivi. Juu kabisa jina la mgongo kama wenyewe wanavyouita, na majina ya vijito viwili vinavyopakana nao. Ukali wa mteremko kwa asilimia, uliopimwa nyuma ya kila nyumba. Idadi ya wanaolala, wa mchana, wa soko. Nyufa, kwa tarehe na sentimita. Milimita za wiki sita zilizopita, zikijazwa kila Jumatatu kuanzia Oktoba. Njia ya kutokea ambayo haivuki kijito, na kama haipo, iandikwe wazi kwamba haipo, kwa sababu hapo kuondoka kunatakiwa kuanza mchana, kabla maji hayajajaa. Halafu safu ya majina mawili mawili: anayelala karibu na korongo, na jirani wa juu yake atakayeshuka kumgongea mlango mtandao wa simu ukiwa umekufa. Majina hayo yanabadilika. Mtu anahama, mwingine anaolewa, mzee anafariki. Kwa hiyo karatasi hiyo husomwa upya barazani kila Septemba, na naibu wa chifu huifuta kwa kalamu na kuiandika tena.